Weka Alama Kabla ya Kufungua: Kufundisha Mkanda wa Taimingi katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika kata ya Getanuwas, wilayani Hanang, atakutana na watoto wengi wa wafugaji ambao nyumbani husema Kidatoga na Kiswahili hukikuta zaidi shuleni. Magari huko si mengi, lakini kila moja lina kazi kubwa, kwani ndilo hubeba mahindi, mifugo na wagonjwa wanaopelekwa Katesh au Haydom.

Nilipokuwa nikifundisha sehemu hizo, niliwaandikia wanafunzi wa darasa la saba ubaoni hatua tisa za kubadilisha mkanda wa taimingi wa injini. Walizinakili, wakazikariri, na katika jaribio wengi walipata alama zote. Miaka michache baadaye, mmoja wa waliofanya vizuri alimsaidia jirani kubadilisha mkanda nyumbani. Waliufunga ukiwa umeruka jino, na bila kuizungusha injini kwa mkono waliiwasha. Valvu zilipinda. Gari lilikaa juu ya mawe msimu mzima wa mvua, na mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa alipelekwa hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alifika salama, lakini mimi sikusahau. Kijana yule alizijua hatua. Sababu za hatua hakuzijua, kwa kuwa sikumfundisha.

Makala haya yanaeleza jinsi ninavyolifundisha somo hilo sasa.

Maarifa ya mwalimu

Injini ya mipigo minne, ambayo Mjerumani Nikolaus Otto aliiunda mwaka 1876, hufanya kazi nne kwa zamu: kuvuta hewa, kukandamiza, kuwaka na kutoa moshi. Kila mpigo ni nusu mzunguko wa krenki. Kwa hiyo mipigo minne ni mizunguko miwili. Katika muda huo kila valvu hufunguka mara moja tu. Ndiyo sababu kamshafti, inayofungua valvu, huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili, na gurudumu lake huwa na meno maradufu.

Kinachounganisha viwili hivyo ni mnyororo, magurudumu ya meno au mkanda wa mpira wenye meno. Gari la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na mkanda wa namna hiyo lilikuwa Glas 1004 la Ujerumani, mwaka 1962. Hauna kelele wala hauhitaji oili, lakini huchoka. Watengenezaji hutaja kilomita au miaka ya kuubadilisha, na baadhi ya Toyota za dizeli huwasha taa yenye maandishi T-BELT muda huo unapofika. Katika injini nyingi za mkanda, pistoni na valvu hutumia nafasi ile ile kwa zamu. Zamu ikivurugika, hugongana.

Vifaa

1. Visahani viwili vya mbao: kimoja chenye mzingo wa sentimita 30, kingine sentimita 60.
2. Misumari midogo 30.
3. Ukanda wa ngozi usionyumbuka sana, wenye tundu kila baada ya sentimita 3. Tundu 45 zinatosha.
4. Ubao wa kusimamishia visahani, vitovu vyake vikiwa mbali kiasi cha sentimita 45.
5. Chokaa au rangi.

Gongomea misumari 10 kwenye ukingo wa kisahani kidogo na 20 kwenye kikubwa, nafasi zikiwa sawa, vichwa vikitokeza nje ili viingie katika tundu za ukanda. Kidogo ni krenki, kikubwa ni kamshafti.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: kuanzia kwa wanalolijua. Uliza: "Ng'ombe wanapoingia zizini, nani hushika mlango, naye huufunga wakati gani?" Watoto wote wana jibu. Akiufunga mapema, mlango humpiga ng'ombe. Waeleze kuwa valvu ni mlango na pistoni ni ng'ombe, ila hapa mlango hufungwa na kufunguliwa mara nyingi katika sekunde moja. Waruhusu walieleze jambo hilo kwa Kidatoga kwanza, kisha kwa Kiswahili. Neno "taimingi" lije baada ya maana.

Hatua ya pili: kuhesabu. Wanafunzi wazungushe kisahani kidogo mara mbili na watazame kikubwa. Wagundue wenyewe uwiano wa 2 kwa 1, usiwatangulie kuutaja.

Hatua ya tatu: kuweka alama. Watie alama ya chokaa juu ya kila kisahani na mbele yake kwenye ubao. Wazungushe krenki mara moja: alama yake imerudi, lakini ya kamshafti iko chini. Wazungushe tena: zote zimerudi. Hapa ndipo wanapoelewa kwa nini fundi hutazama alama zote mbili.

Hatua ya nne: kukosea kwa makusudi. Kikundi kimoja kivue ukanda na kuurudisha ukiwa umeruka tundu moja. Waulize krenki imepotoka digrii ngapi. Kwa misumari 10 ni 360 ÷ 10 = digrii 36; kwa gurudumu halisi la meno 20 ingekuwa digrii 18. Usiiharakishe hatua hii, maana kosa lililofanywa juu ya mbao halimgharimu mtu chochote.

Kazi yenyewe nyumbani

Sasa zitaje hatua za fundi, na kila moja idaiwe sababu. Injini iwe imepoa, na waya hasi wa betri uondolewe. Krenki izungushwe kwa spana, upande inakozunguka kwa kawaida, mpaka alama zote zikutane. Fundi aongeze alama zake za rangi, ndipo alegeze kikaza mkanda na kuuvua. Tangu hapo asizungushe krenki wala kamshafti.

Akague beringi ya kikaza mkanda, sili za oili, na pampu ya maji ikiwa inazungushwa na mkanda huo. Vikifa baadaye, kazi yote itarudiwa. Mkanda mpya usikunjwe wala usiguswe na oili. Baada ya kuukaza kwa kipimo cha mtengenezaji, azungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama, asilazimishe; afungue na kutafuta kosa. Alama zikikutana tena, ndipo afunike na kuwasha. Mwisho aandike kilomita na tarehe.

Tahadhari

Wanafunzi wasiingie chini ya gari, wala wasikaribie injini inayonguruma. Kazi yao ni juu ya mbao. Kwenye gari huwa watazamaji tu.

Upimaji

Usiwaulize wataje hatua. Wape kifaa ambacho ukanda wake umeruka, uwatake watambue kosa, walisahihishe na waeleze mizunguko miwili ya mkono huthibitisha nini. Asiyeweza kueleza bado hajajifunza, hata kama daftari lake ni safi.

Hitimisho

Mwalimu naye huifungua akili ya mtoto. Kabla ya kufungua, hana budi kuweka alama: mtoto anajua nini, na kwa lugha gani. Baada ya kufunga, azungushe kwa mkono: ampe kazi ndogo, atazame kama yote yamekutana. Mimi niliwasha bila kuzungusha, na gharama akailipa mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani mwangu.