Wengi Wape, Lakini Wengi Wepi?

Wazee wetu walisema, wengi wape. Na neno hili limekuwa ndilo mwisho wa maneno katika mabaraza yetu. Watu wakihitilafiana juu ya jambo, huinuka mmoja akasema, "Na tupige kura". Mikono ikahesabiwa, walio wengi wakapata watakalo, na walioshindwa wakanyamaza kwa kuwa hawana hoja tena. Makusudi ya somo hili ni kuitazama hesabu ile ya mikono. Je, yatuambia kweli walitakalo wengi? Suala hili limechunguzwa kwa zaidi ya miaka mia mbili, kwanza na watu wa hisabati na kisha na wataalamu wa elimu ya uchumi, na waliyoyapata yafaa yajulikane na kila aliyewahi kukaa katika halmashauri ya msikiti, ya madrasa, ya chama cha maziko au ya ushirika.

Huenda msomaji akastaajabu: elimu ya uchumi ni elimu ya bei, faida na hasara, ina nini na kura? Jawabu ni kwamba elimu hiyo, kwa asili yake, yauliza suala moja. Watu wengi wenye haja mbalimbali, wapatanishwe kwa njia gani? Njia moja ni biashara. Mvuvi ana samaki kuliko awezavyo kula, na mwenye duka ana unga kadhalika. Wakibadilishana kwa kuridhiana, kila mmoja huondoka na hali bora kuliko alivyokuja, kwani lau si hivyo asingekubali. Mwaka 1817 David Ricardo, tajiri wa London aliyeingia katika uandishi wa elimu hii, alibainisha jambo la ajabu zaidi. Alisema, tuchukulie kwamba Ureno yahitaji watu 80 kwa mwaka kutengeneza mvinyo na watu 90 kufuma nguo, na Uingereza yahitaji watu 120 kwa mvinyo huo na 100 kwa nguo hizo. (Mfano huu ni wake, si wetu.) Ureno imeishinda Uingereza kwa yote mawili, walakini wote wawili hufaidika wakibadilishana. Uingereza hutoa kazi ya watu 100 ikapata kitu ambacho kingeigharimu kazi ya watu 120, na Ureno hutoa kazi ya watu 80 ikapata kitu ambacho kingeigharimu kazi ya watu 90. Basi hata aliye dhaifu kwa kila kitu ana cha kumfaa mwenzake.

Katika biashara ya namna hii kila mtu huondoka na kikapu chake. Mimi nikitaka dengu nawe ukitaka kunde, hapana haja ya kugombana, kila mmoja atanunua apendacho. Lakini yako mambo ambayo hayagawiki vikapu. Mtaa hauwezi kuwa na kadhi wangu na kadhi wako. Fedha za wakfu zikitumika kuchimba kisima, zimekwisha. Aliyetaka duka hana tena fedha za duka. Hapa kuridhiana kwa watu wawili hakutoshi, maana uamuzi utamfunga na yule asiyeridhia. Ndipo watu hukimbilia kura, nao hudhani kwamba kura hufanya barazani kazi ile ile ifanywayo na bei sokoni.

Na tutwae mfano. Tuseme halmashauri ya watu 15 ina fedha za jambo moja tu kati ya matatu: kuchimba kisima, kujenga chumba cha madrasa, au kujenga duka la kupangisha ili kodi yake isaidie msikiti. Watu 6 wapenda kisima kwanza, kisha chumba, na duka mwisho. Watu 5 wapenda duka kwanza, kisha chumba, na kisima mwisho. Watu 4 wapenda chumba kwanza, kisha duka, na kisima mwisho. Msomaji na aziandike safu hizi tatu kwenye karatasi, kwani yote yafuatayo yatoka humo.

Mwenyekiti akisema kila mtu ainue mkono kwa jambo moja alipendalo, kisima hupata 6, duka 5, chumba 4. Kisima kimeshinda, wengi wape. Akija mwenyekiti wa pili akasema, "La, hapana aliyefika nusu, na tuwarudishe wawili wa mbele," chumba hutolewa, wale 4 waliokitaka huhamia duka, na duka hushinda kwa 9 dhidi ya 6. Wengi wape. Akija wa tatu akasema, "Natuyapambanishe mawili mawili," chumba hukishinda kisima kwa 9 dhidi ya 6, kisha hulishinda duka kwa 10 dhidi ya 5. Wengi wape tena! Watu ni wale wale, nia zao ni zile zile, hapana aliyehongwa wala aliyedanganya, na washindi wamekuwa watatu. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu peke yake. Na angalia jambo jingine: kisima, kilichoshinda kwa njia ya kwanza ambayo ndiyo tuizoeayo, ndicho kinachoshindwa na kila mwenzake wakikutana wawili wawili. Watu 9 kati ya 15 walikiweka mwisho kabisa.

Kasoro hii iligunduliwa Paris kabla ya mapinduzi ya Ufaransa. Jean-Charles de Borda, mtu wa bahari na wa hisabati, aliisomea Akademia ya Sayansi mwaka 1770, akapendekeza kila mpiga kura ayapange majina yote kwa daraja na kila daraja ipewe alama zake. Mwenzake Condorcet akashika njia ya kupambanisha wawili wawili, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1785 akaonyesha kwamba njia yake mwenyewe nayo ina shimo. Huu ni uungwana wa elimu usioonekana kila siku, mtu kuchapisha kwa mkono wake hoja inayoutia doa uzushi wake. Condorcet alifariki gerezani mwaka 1794, katika fitina za mapinduzi yale yale aliyoyaunga mkono.

Shimo lenyewe ni hili. Tuseme sasa wale watu 15 wamegawanyika watano watano. Kundi la kwanza lapanga kisima, chumba, duka. La pili chumba, duka, kisima. La tatu duka, kisima, chumba. Pambanisha kisima na chumba: kisima chashinda kwa 10. Pambanisha chumba na duka: chumba chashinda kwa 10. Utadhani basi kisima kitalishinda na duka. Lakini ukivipambanisha, duka lakishinda kisima kwa 10. Hukumu yazunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, haina pa kusimama. Kila mtu kwa nafsi yake ana akili timamu na mpango ulionyooka, ila wakijumuishwa, jumla yao haina mpango.

Hapa ndipo penye hatari, nami naomba msomaji apasome kwa utulivu. Katika hali kama hii, anayepanga mambo yaletwe kwa utaratibu gani ndiye anayeamua. Mwenyekiti apendaye duka ataanza kwa kupambanisha kisima na chumba. Kisima kitashinda, kisha ataleta duka lake likishinde. Apendaye kisima ataanza na chumba na duka. Apendaye chumba ataanza na duka na kisima. Kila mmoja atapata alitakalo kwa kura ya 10 dhidi ya 5, na wala hakuiba hata kura moja. Wajumbe watakwenda majumbani mwao wakiamini kwamba wengi wameamua.

Lilibaki suala kubwa: je, haiwezekani mtu mwenye akili kubuni njia ya kuhesabu isiyo na kasoro yoyote? Aliyelijibu ni Kenneth Arrow, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1921 na kufariki mwaka 2017. Katika kitabu chake cha mwaka 1951 aliweka masharti machache ambayo hapana mtu mwadilifu atakayeyakataa. Njia hiyo ipokee mpango wowote wa mtu yeyote. Wote wakilipenda hili kuliko lile, hukumu iwe hivyo hivyo. Hukumu kati ya kisima na chumba itegemee watu walivyovipanga viwili hivyo tu, isigeuke kwa sababu ya mawazo yao juu ya duka. Hukumu isizunguke. Na asiwepo mtu mmoja ambaye alitakalo yeye ndilo linalokuwa daima, hata wote wengine wakikataa. Kisha akaleta burhani ya hisabati kwamba yakiwa mambo ya kuchagua ni matatu au zaidi, hapana njia itimizayo masharti haya yote kwa pamoja. Hakusema kwamba haijapatikana bado. Alisema haiwezekani kupatikana. Kwa kazi hii na nyinginezo alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1972, pamoja na John Hicks wa Uingereza.

Na katika hizo nyinginezo imo moja inayotuhusu. Mwaka 1954 Arrow huyo huyo, pamoja na Gérard Debreu, alithibitisha kwamba, kwa masharti fulani, zipo bei ambazo zitasawazisha kila kitu kitakiwacho na kila kitu kiuzwacho katika soko zima. Hebu tazama mtu mmoja alivyoleta habari mbili: sokoni upatanifu wawezekana, na barazani kuna kizuizi kisichoondoka. Lakini tusije tukasema, "Basi yote na yaachiwe soko." Burhani ile ya soko haikusema kwamba masikini atashiba. Bei husikia haja ya mwenye fedha. Mwenye njaa asiye na kitu hana sauti mbele yake, ilhali barazani mkono wake ni mmoja sawa na wa tajiri.

Nchi yetu ya Kenya yenyewe imeliona jambo hili kwa kadiri kubwa. Katika uchaguzi wa Desemba 1992 mshindi wa urais alipata kiasi cha kura 36 katika kila 100, na zilizobaki ziligawanyika baina ya wapinzani wake, watatu wakuu wakiwa na kiasi cha 26, 19 na 17. Watu wamebishana kwa miaka mingi lau wangeungana ingekuwaje. Ukweli ni kwamba karatasi zile haziwezi kutujibu, kwa kuwa kila mpiga kura aliulizwa wa kwanza wake tu. Hakuulizwa wa pili wake ni nani. Katiba ya mwaka 2010 ikaweka sharti la zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, na lisipotimia wawili wa mbele hurudi tena. Hiyo ni njia ya yule mwenyekiti wetu wa pili: bora kuliko ya kwanza kwa upande mmoja, na tumekwisha kuona kwamba yaweza kukitoa mapema kile ambacho kingewashinda wote.

Si kila kura iliyo na tatizo hili. Duncan Black, mtaalamu wa Uskoti, alionyesha mwaka 1948 kwamba likiwa jambo ni la kadiri, kama vile mchango uwe shilingi 50, 100 au 200, na kila mtu akawa apunguza kuridhika kadiri wanavyokwenda mbali na kima chake, basi hapatakuwa na mzunguko. Kile kima cha mtu wa katikati kitavishinda vyote. Kwa hiyo mwenye busara barazani hutazama kwanza kama ugomvi waweza kugeuzwa kuwa wa kadiri. Tusijenge duka wala kisima, au tutoe fungu gani kwa kila kimoja? Mara nyingi ugomvi mrefu umekwisha hapo.

Atasema msemaji, "Ikiwa kura zina kasoro hizi, si afadhali aamue mtu mmoja?" Huyo hakuyasoma masharti ya Arrow mpaka mwisho. Kweli, mtawala wa pekee hana mzunguko. Lakini kuwa naye ndiko tulikokukimbia. Tulichonacho ni kuchagua kasoro ipi tutaivumilia, na kuichagua hadharani, kabla ya kujua itamfaa nani. Tarikh yetu ina mfano ulio wazi. Alipofariki Sayyidna Umar mwaka 23 wa Hijra, aliwaachia masahaba sita wachague mmoja miongoni mwao. Abdulrahman bin Auf alijitoa kwanza katika kuchaguliwa, ndipo akapewa kazi ya kuuliza na kupima rai za watu. Mwenye kushika mizani hakuwa na mzigo juu yake.

Darasa lijalo, inshallah, litaeleza waliyoyathibitisha Gibbard mwaka 1973 na Satterthwaite mwaka 1975, juu ya mtu anayepiga kura asivyopenda ili apate apendacho. Kabla ya hapo msomaji na airudie ile halmashauri ya kwanza, ya watu 6, 5 na 4, aihesabu kwa njia ya Borda: cha kwanza alama 2, cha pili 1, cha mwisho 0. Akipata kisima 12, chumba 19 na duka 14, hesabu yake ni sawa.