Mtihani wa Mwisho: Dawa ya Siku Saba Haimezwi kwa Siku Moja

Kila mitihani ya mwisho ya vyuo inapokaribia, vijana huongezeka katika foleni ya wagonjwa hapa Sigor, Kaunti ya Bomet. Mmoja anasomea ualimu Kericho, mwingine yuko Kabianga, mwingine anasomea utabibu Kapkatet. Malalamiko yao hufanana: kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, usingizi hauji, na yaliyosomwa jana leo hayaonekani. Karo ya wengi imetokana na ng'ombe aliyeuzwa au bonasi ya majani chai, hivyo kijana huhisi kwamba akianguka ataanguka na nyumba nzima. Kisha huomba dawa ya kuongeza akili.

Dawa hiyo haipo. Hata hivyo, zipo njia za kuusaidia ubongo, na hazina gharama.

UBONGO HUSHIKAJE MAMBO?

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kuwa sehemu kubwa ya tunayokariri hupotea katika saa na siku za kwanza. Aligundua pia kuwa kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa hushinda kurudia mara nyingi kwa siku moja. Ni kama dawa ya siku saba: ukiimeza yote leo haitakuponya, itakudhuru.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Lakini baada ya wiki moja walishindwa na wale waliofunga karatasi na kujaribu kukumbuka bila kutazama. Kwa hiyo usidanganyike na daftari ulilolisoma mara tano. Lifunge, andika unayokumbuka, kisha lifungue ujisahihishe.

KILA SOMO NA TIBA YAKE

Daktari hatibu malaria na pumu kwa dawa moja. Nawe usidurusu masomo yote kwa njia moja.

1. Masomo ya kukariri, kama anatomia, historia au sheria. Jiulize maswali leo, kesho kutwa, halafu baada ya wiki. Ulilokosa lirudie mapema; ulilopata lisubiri.

2. Masomo ya hesabu, kama hisabati, uhasibu na takwimu. Usisome mifano kama unavyosoma gazeti. Shika kalamu ukokotoe. Changanya maswali ya mada tofauti, kwa sababu karatasi ya mtihani haitakuambia utumie kanuni ipi.

3. Masomo ya insha, kama lugha na nadharia za elimu. Chukua swali la mwaka uliopita, panga hoja zako kwa dakika tano, kisha andika jibu ukitazama saa.

4. Masomo ya vitendo: maabara, karakana, wodi, ubao wa darasani. Hapa mikono ndiyo inayokumbuka. Fanya kila hatua mbele ya mwenzako, naye akusahihishe.

Usimalize siku tatu kwa somo moja huku mengine yakiota nyasi. Soma dakika 50, pumzika 10, kisha badilisha somo. Lile unalolikimbia lipe asubuhi, akili ikiwa bado mpya. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali.

USINGIZI NI SEHEMU YA KUSOMA

Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwakaririsha wanafunzi wawili silabi. Waliolala baada ya kukariri walikumbuka zaidi kuliko walipokaa macho kwa muda ule ule. Tafiti nyingi za baadaye zimeonyesha kuwa tukiwa usingizini ubongo huyapanga na kuyakaza yale tuliyojifunza mchana. Anayekesha, basi, huvuna mahindi na kuyaacha shambani yanyeshewe.

Kukesha hulevya pia. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, saa hizo 17 zinatimia saa tano usiku. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi. Lala saa nne usiku, uamke saa kumi na moja alfajiri.

CHAI, MIRAA NA TEMBE

Tunaishi katika nchi ya chai, na sikukatazi kuinywa. Fahamu tu kwamba kafeini iliyomo haiondoi uchovu. Huuzuia ubongo usiuhisi. Saa tano hivi baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kikombe chako cha mwisho kiwe cha saa tisa alasiri. Vinywaji vya kuongeza nguvu viogope zaidi, kwani kopo dogo la mililita 250 mara nyingi huwa na kafeini miligramu 80.

Miraa huondoa usingizi, lakini pia huondoa hamu ya chakula na kuupiga moyo mbio. Tramadol ni dawa ya maumivu makali. Ikimezwa bila ushauri wa daktari inaweza kuleta degedege na hata kuzima pumzi. Usipokee tembe kutoka kwa rafiki.

Kula kama siku zote: uji wa wimbi asubuhi, ugali, maharagwe, mboga za kienyeji, na mursik ikipatikana. Kunywa maji.

SI KILA HOMA NI WOGA

Nyanda zetu za juu zinaijua malaria. Katika miaka ya 1990 Kericho ilikumbwa na milipuko kadhaa, hasa Juni na Julai, baada ya mvua za masika. Woga unaweza kukutoa jasho, lakini haukupandishi joto hadi nyuzi 39. Ukiwa na homa, kapimwe damu siku hiyo hiyo. Usimeze tembe za maumivu ukisubiri karatasi ya mwisho. Mwenye kifafa, pumu au kisukari asiache dawa yake hata siku moja. Kwa mwenye kifafa, kukesha peke yake kunaweza kuleta kishindo.

Ikiwa huli, hulali, umejitenga na wenzako, au unawaza kujiua, usingoje mitihani iishe. Mwambie mtu leo, nenda hospitali iliyo karibu, au piga simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199. Nawe mzazi, ukimwona mwanao katika hali hiyo, usimkumbushe ng'ombe aliyeuzwa. Mpeleke hospitali. Karatasi ya mtihani hurudiwa, mtoto harudiwi.

Usiku wa kuamkia mtihani, weka kalamu, kitambulisho na nauli pamoja mezani. Pitia muhtasari wako kwa nusu saa, funga daftari, ukalale.