Kalori Huingilia Kwenye Sufuria

Mkazi wa mtaa wa Olympic, Nairobi, anayetaka kupunguza uzito hana haja ya kupanda matatu kwenda kutafuta saladi ya bei ghali. Hapa Kibera hadi Toi Market, na kule Kawangware pia, vibanda vya mama mboga vimejaa vyakula vyenye kalori chache: sukuma wiki, kabeji, spinachi, managu, terere, nyanya, matango. Kinachotuharibia hesabu ni mafuta.

Chukua sukuma wiki. Gramu 100 zikiwa mbichi hazifikishi kalori 50, kwa hivyo gramu 400 za kulisha watu wanne hazizidi kalori 200. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa humwaga vijiko vinne bila kujua, na hapo mafuta peke yake yana kalori 480. Pima kwa kijiko. Viwili vinatosha sufuria hiyo: kaanga kitunguu, tia nyanya, funika kwa moto mdogo hadi zitoe maji yake, kisha mboga iingie kwa dakika chache tu. Usiyaache mafuta kabisa, maana bila mafuta kidogo mwili haufaidi vizuri vitamini A ya mboga za kijani.

Mboga za kienyeji zina nafuu zaidi. Mrenda huchemshwa tu na magadi kidogo. Managu na kunde huungwa kwa maziwa, na maziwa yanatosha. Krimu ya nini? Ila maji ya kuchemshia yawe machache, kwa sababu ukiyamwaga, vitamini C nyingi huenda nayo.

Kukatiwa sukuma kibandani kunamfaa sana anayetoka kazini usiku, lakini mboga iliyokwisha kukatwa haioshwi vizuri. Omba majani mazima, yaoshe kwa maji safi, ndipo ukate. Nairobi ina mashamba yanayonyweshwa maji taka, na kwa macho huwezi kujua fungu lako limetoka wapi. Wapo wanaojilimia mlangoni: baada ya vurugu za uchaguzi, mwaka 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kuwasaidia wakazi wa Kibera kupanda sukuma na spinachi kwenye magunia yaliyotobolewa ubavuni. Gunia halidai shamba, ila linadai maji kila mara.

Kwa matunda, tazama maji yaliyomo. Gramu 100 za tikiti maji zina kalori 30 hivi, papai 43, chungwa 47, nanasi 50, embe 60. Ndizi mbivu inakaribia 90, na bado naichagua mbele ya mandazi. Ovakado ndiyo kubwa lao, 160. Haina ubaya, mafuta yake ni mazuri. Lakini ukila nusu yake na ugali, punguza mafuta ya sukuma siku hiyo. Juisi ni hadithi nyingine: glasi moja hula machungwa matatu au manne, nyuzi zinabaki kwenye chujio, na mara nyingi sukari huongezwa juu. Kula tunda lenyewe. Vipande vya barabarani navyo, nunua kwa anayevifunika au anayekukatia ukiona.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, yaani sehemu tano za gramu 80. Viazi na mihogo havihesabiwi. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba takriban watu wazima 94 kwa kila 100 nchini Kenya hawafikishi sehemu hizo tano, kwa hivyo wengi wetu tuongeze mboga kwanza, ndipo tupunguze ugali.

Mwenye ugonjwa wa figo aulize kliniki kabla ya kuongeza, kwani mboga za kijani, ndizi na ovakado zina potasiamu nyingi. Na watoto wadogo wasitiwe kwenye hesabu hii. Tumbo lao ni dogo, mboga tupu huwashibisha kabla hawajapata nguvu. Wao wapondee ovakado, wachanganyie njugu zilizosagwa kwenye mboga, na kijiko cha mafuta usiwabanie.