Mzee Asifungiwe Ndani
Kijitabu cha nyumba kwa nyumba, kwa wakaazi wa shehia za Unguja na Pemba

Sababu ya kuandika

Katika miaka yangu ya kuzunguka shehia baada ya shehia nikitazama siha za watu, kilichonichosha moyo si maradhi yasiyo na dawa, bali ni mikasa ile ile yenye kuzuilika, irejeayo kila mwezi kwa sura moja: mzee amefungiwa chumbani tangu asubuhi, watoto wamekwenda makazini na sokoni kwa nia njema kabisa, na jirani asikiaye sauti ya kuugua dirishani hana ufunguo. Wapo tuliowakuta wameanguka wakijaribu kufika chooni, wapo waliovunjika nyonga, na wapo walioshinda na kiu mchana kutwa hali mtungi u nje ya mlango. Wote hao walikuwa na jamaa wawapendao, na kwa hiyo nawaandikia wala siwalaumu kwa chuki.

Usimfungie mzee ndani.

Ofisa wa ustawi wa jamii haji kumchukua mzee wako

Watu wengi wakisikia kuwa ofisa wa ustawi wa jamii anakuja, hudhani kwamba amekuja kuwashitaki, au kumhamishia mzee wao Sebleni au Welezo, na dhana hiyo ndiyo iwafanyayo kuficha shida zao, na kuficha ndiko kunakozaa kufuli. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo ni kwa wale wasio na wa kuwatunza. Ama mzee mwenye jamaa, kazi ya ofisa ni kutazama vipi ataendelea kuishi kwa amani na heshima mle mle nyumbani mwake.

Akija, aghalabu huomba kuketi na mzee faragha, nawe usikasirike, kwani yapo maneno ambayo mzee huona haya kuyasema mbele ya mwana au mkwe: kwamba fedha zake huchukuliwa, kwamba hukemewa kama mtoto, kwamba tangu uji wa asubuhi hapati kitu mpaka magharibi. Kisha huuliza nani apikaye, nani alalaye karibu naye, nani ajuaye dawa zake, na choo kiko mbali kiasi gani. Akimkuta binti mmoja ameelemewa na mzigo peke yake, huwaita ndugu wote, hata waishio mbali, wakaketi barazani na kugawana zamu za juma zima, kila mtu akaijua siku yake. Na kwa niliyoyashuhudia mimi, kikao kama hicho huondoa kufuli nyingi mlangoni kuliko vitisho vyote.

Aidha, mzee aliyetimiza miaka 70 ana haki ya Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye kupandishwa hadi 50,000, wala haulizwi kama aliwahi kuajiriwa. Ikiwa mzee wako hajaandikishwa, mwone sheha. Ikiwa kuna utata wa cheti au kitambulisho, ofisa wa ustawi ndiye wa kukuongoza. Fedha hizo ni za mzee, na yeye ndiye wa kuulizwa zitumikeje.

Mzee anayesahau njia

Najua mtasema, "Tukimwacha wazi atapotea." Hoja hiyo ni ya kweli na uzito wake naujua, lakini jawabu lake si komeo. Waarifu majirani, muuza duka na watu wa msikitini kuwa mzee wenu husahau; shoneni namba ya simu upande wa ndani wa nguo yake; na mtu mmoja, hata mjukuu mkubwa, ashinde naye kwa zamu. Mkishindwa kumpata wa kushinda naye, hapo ndipo pa kumwendea ofisa kabla ya kununua kufuli. Usimfungie mzee ndani hata akiwa amesahau jina lako.

Moto

Chumba kilichokomewa kwa nje, na koroboi inawaka ndani, ni kaburi.

Dawa za presha na kisukari

Haziachwi kwa kuwa mzee anajiona mzima.

Hadhari kwa mtunzaji

Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na shuka lenye majimaji libadilishwe papo hapo. Ukiona ngozi ya makalio, ya kiuno au ya visigino imebadilika rangi, usingoje itumbuke. Usimlishe akiwa amelala chali. Usimnyime maji kwa kuchelea kazi ya kumpeleka chooni. Sakafu ya chooni isiwe na utelezi, na mkongojo wake uwe pale anapoufikia kwa mkono. Akipinda mdomo ghafla, au mkono ukalegea, au ulimi ukawa mzito, usiseme amepigwa na shetani ukaanza kutafuta mganga: mkimbize hospitali saa ile ile. Akianza kuweweseka ghafla, yeye ambaye jana alikuwa na akili zake, hayo si uzee. Ni maradhi, na daktari amwone siku hiyo hiyo. Haya yote yanahitaji macho ya mtu, na mlango uliofungwa hauna macho.

Nawe mtunzaji

Ukichoka hata ukahisi mkono unataka kuinuka, toka nje, mwite jirani, na kesho mweleze ofisa bila ya haya, kwani kukusikiliza wewe nako ni katika dhima yake.

La kufanya leo

Kabla ya kulala, tazama mlango wa chumba cha mzee wako. Ikiwa una komeo kwa nje, ling'oe.