Ujira Mkubwa na Wakati Mchache: Mwislamu Apimeje?

Ndugu wengi, hasa walioingia katika Islam hivi karibuni na wale ambao bado wanaichunguza, huuliza swali hili: Mtu ana kazi ya halali inayomtosha kwa kujibana kidogo. Kisha anaitwa kwenye kazi nyingine yenye ujira mkubwa zaidi, lakini itakayomtoa nyumbani alfajiri na kumrudisha usiku. Je, dini yamtaka aikubali au aikatae?

Wako wanaodhani kwamba mcha Mungu yampasa kuukimbia ujira mkubwa. Wako pia wanaodhani kwamba kila nyongeza ya mshahara ni neema isiyohitaji kuulizwa. Fikra zote mbili zina kosa. Islam haikuweka amri moja ya kukubali wala ya kukataa. Imetupa mizani, na kila mtu hana budi kuitumia kwa hali yake mwenyewe. Katika somo hili tutaitazama mizani hiyo, na mifano yetu tutaichukua katika nchi ya Tabora na njia ya zamani ya misafara.

Kazi yenyewe ni jambo tukufu

Kwanza ifahamike kwamba kutafuta riziki si jambo la kuonewa haya. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alifundisha kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu akipatacho kwa kazi ya mikono yake, akamtaja Nabii Daudi a.s. kuwa mfano wa jambo hilo. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Jumua, inawaamuru waumini waache biashara wanapoitwa kwenye Sala ya Ijumaa. Na Sala ikiisha, inawaambia watawanyike na kuitafuta fadhila ya Mwenyezi Mungu. Tazama mpango huo ulivyo: kazi imeruhusiwa kabla, imesimamishwa kwa muda, kisha imeruhusiwa tena. Kazi haikuharamishwa, ila imewekewa mpaka. Swali letu lote lahusu mpaka huo.

Funzo la wapagazi wa Unyamwezi

Katika karne ya 19, kabla ya reli, karibu bidhaa zote zilizopita kati ya pwani na maziwa zilichukuliwa na wanadamu. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora na ambapo wasafiri walipaita Kaze. Hapo iligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Safari ya kutoka pwani hadi Unyanyembe ilichukua kiasi cha miezi mitatu, na mzigo wa mtu mmoja ulikaribia uzito wa kilo 30. Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wengine katika kazi hiyo.

Watu hao hawakuwa wavivu wala hawakudharau ujira. Walipatana na mwenye msafara juu ya malipo, aghalabu kwa nguo na shanga, na juu ya posho ya njiani. Lakini wengi wao walikuwa wakulima pia. Mvua zilipokaribia, katika mwezi wa Novemba hivi, walitaka kuwa makwao wakilima. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi huo mwaka 1857, wapagazi wao walitawanyika kwenda kwao, na wageni hao wakakaa hapo zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuendelea na safari ya ziwani. Tajiri aliyetaka watu wakati wa kilimo aliwapata kwa taabu, maana mpagazi alijua kwamba nguo za tajiri hazitakuwa mtama ghalani.

Kabla ya kujitwika mzigo, mpagazi alitaka kujua mambo manne: uzito wake, umbali wa safari, posho yake, na mahali pa kuutua. Hilo la nne ndilo linalosahauliwa sana leo. Mtu huuliza mshahara ni kiasi gani, wala haulizi mzigo huu atautua saa ngapi, siku gani, na baada ya miaka mingapi.

Mwezi wa kipande

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukafifia. Wanaume wengi wa Unyamwezi wakaenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Hao ndio walioitwa manamba. Huko walikuta kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Mshahara ulilipwa siku zote 30 zilipotimia. Siku ya ugonjwa au ya kupumzika haikuhesabiwa, hivyo mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Aliyesikia mshahara wa mwezi akadhani ni mwezi wa kawaida, alijidanganya mwenyewe. Basi yatupasa tujifunze kuuliza: Mshahara huu ni wa saa ngapi za maisha yangu?

Hesabu ya saa

Katika miaka ya 2020 mkoa wa Tabora umepata tena kazi za namna ya msafara. Ujenzi wa reli ya kisasa, pamoja na bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, umeleta kambi na ajira. Kazi hizo zina faida yake na hatuzilaumu. Lakini tuchukue mfano na tuuhesabu.

Kijana mmoja anafanya kazi mjini Tabora. Kwa majuma manne analipwa shilingi 400,000. Anafanya kazi saa 45 kwa juma, siku sita, na kwenda na kurudi humchukua nusu saa kwa siku. Kwa majuma manne hizo ni saa 180 za kazi na saa 12 za njiani, jumla saa 192. Anaitwa kwenye kazi ya nje ya mji kwa shilingi 600,000. Huko atafanya kazi saa 57 kwa juma, na njia itamchukua saa mbili na nusu kwa siku. Hizo ni saa 228 za kazi na saa 60 za njiani, jumla saa 288.

Mshahara umeongezeka kwa nusu yake. Saa nazo zimeongezeka kwa nusu yake. Kila saa bado ina thamani ileile, kiasi cha shilingi 2,083. Tena hesabu haijaisha. Zamani alikula nyumbani. Sasa nauli yamgharimu shilingi 2,000 kwa siku na chakula shilingi 3,000. Kwa siku 24 hizo ni shilingi 120,000. Katika nyongeza ya shilingi 200,000 zimebaki 80,000, nazo amezipata kwa saa 96 za ziada. Yaani kila saa aliyoiondoa kwa watoto wake ameiuza kwa shilingi 833 tu, ilhali saa zake za kwanza aliziuza kwa zaidi ya maradufu ya hizo. Na saa 96 ni siku nne kamili, usiku na mchana, katika kila majuma manne.

Huenda bado ni sawa kuzikubali shilingi 80,000 hizo. Lakini ni lazima ajue kwamba anachokipata ni 80,000, wala si 200,000.

Haki za Mungu na haki za waja

Baada ya hesabu ya fedha hufuata hesabu iliyo nzito zaidi. Sura An-Nisaa yafundisha kwamba Sala imewekwa kwa waumini kwa nyakati maalumu. Adhuhuri na Alasiri huangukia ndani ya saa za kazi karibu kila mahali, na kila Sala yahitaji dakika chache tu. Hivyo kabla ya kutia sahihi mkataba, mtu aulize waziwazi: Nitapata nafasi ya kusali? Ijumaa nitakwenda msikitini? Ruhusa ya kuunganisha Sala ipo kwa safari na dharura, lakini mkataba wa miaka mitatu hauwezi kuitwa dharura ya kila siku. Kwa ndugu aliyesilimu karibuni jambo hili lina uzito maalumu. Yeye bado anajifunza kusoma Kurani Tukufu, na darasa la jioni kwake ni kama maji kwa mche mchanga. Akilikosa mwaka mzima, fedha hazitamrudishia.

Tena kuna haki za watu. Imesimuliwa katika Hadithi za Bukhari kwamba Salman r.a. alimzuru ndugu yake Abu Darda r.a., akamkuta mkewe ameacha kujipamba kwa kuwa mumewe hakuwa na haja na mambo ya dunia. Mchana alifunga na usiku alisali. Salman akamtaka ale pamoja naye, akamzuia asisimame kusali mpaka mwisho wa usiku, kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki na watu wa nyumbani mwake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume s.a.w., alisema kwamba Salman amesema kweli.

Ndugu msomaji, fikiri. Ikiwa hata ibada ya ziada hairuhusiwi kula haki ya mke na ya mwili, mshahara wa ziada utairuhusiwaje?

Majibu ya hoja mbili

Mtu aweza kusema: “Nikipata zaidi nitatoa zaka na chanda zaidi, nami nitawasaidia wazazi.” Hoja hii ina nguvu. Mwenye deni, mwenye mzazi mgonjwa au mwenye watoto wanaolala njaa, kwake yeye kazi ngumu zaidi yaweza kuwa wajibu, na kuikataa kwa kisingizio cha ibada ni kosa. Lakini ajichunguze: Je, haja hiyo ipo kweli, au ni shauku ya kushindana na jirani, ambayo Sura At-Takaathur yatuonya juu yake? Haja ya kweli hutajika kwa jina na kwa kiasi: deni fulani, karo fulani, nyumba fulani. Ikitimia, mzigo hutuliwa. Tamaa haina mahali pa kutulia.

Mwingine aweza kusema: “Mimi sitaki kazi ndefu, nataka wakati wangu.” Naye aulizwe: Wakati huo waufanyia nini? Kama jioni zake hupita kijiweni kwa porojo, hana hoja ya kuikataa kazi. Wakati wa faragha ni amana pia, na utaulizwa kama mali itakavyoulizwa.

Ijue haki yako katika sheria

Mara nyingi tunachagua vibaya kwa kutoijua sheria. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma, siku sita kwa juma na saa tisa kwa siku. Saa za ziada ni kwa mapatano, hazizidi 50 katika majuma manne, na hulipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Mfanyakazi ana haki ya mapumziko ya saa moja katika siku anayofanya kazi zaidi ya saa tano, na mapumziko ya saa 24 kila juma. Wenye vyeo vya uongozi hawaingii katika mipaka hii ya saa. Mwislamu aweza kumwomba mwajiri kwa adabu kwamba Ijumaa saa ile ya mapumziko iwekwe wakati wa Sala. Wengi hukosa kwa sababu hawakuomba.

Na mwajiri Mwislamu akumbuke kwamba Mtume s.a.w. aliagiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Kumwongezea mtu saa bila kumlipa ni dhuluma, hata kama amenyamaza kwa kuogopa kufukuzwa.

Kukata shauri

Basi mwenye kuitwa kwenye kazi kubwa afanye hivi. Aandike saa zote pamoja na za njiani. Atoe gharama mpya katika nyongeza. Aulize habari za Sala na Ijumaa. Ashauriane na mkewe, maana wakati utakaouzwa ni wake pia. Kama anaikubali kwa haja maalumu, aandike haja hiyo na tarehe ya kuiangalia tena. Mwisho asali Istikhara, amkabidhi Mwenyezi Mungu jambo lake.

Akifanya hayo akaikubali kazi, aifanye kwa uaminifu. Akiikataa, asiwasengenye walioikubali, kwani mizigo ya watu haifanani. Ahadi ya mwenye kuamini ni kuitanguliza dini mbele ya dunia, na ahadi hiyo hujulikana zaidi siku ile dunia inapokuja na bei nzuri.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali iliyo na baraka, na wakati wa kumshukuru kwayo. Amin.

Maswali ya kujipima

1. Sura Al-Jumua yaweka mpaka gani kati ya kazi na Sala?
2. Mpagazi alitaka kujua mambo gani manne kabla ya kujitwika mzigo, na lipi husahauliwa leo?
3. Hesabu saa za kazi yako kwa majuma manne pamoja na za njiani. Kila saa yalipwa shilingi ngapi?
4. Kwa hali gani kazi ndefu zaidi yaweza kuwa wajibu?