SOMO LETU: ANEMONI ANAKULA NINI?



Leo tunasoma habari za mnyama ambaye wenzetu wa pwani wamemkanyaga mara nyingi maji yakipwa, bila kujua kuwa ni mnyama. Wataalamu humwita anemoni. Hujishikiza mwambani, mwili laini, na mdomo wake umezungukwa na vidole vingi vyembamba hata mtu akamdhania kuwa ua. Vidole hivyo vina sumu. Kamba mdogo akivigusa hudungwa, hulegea, kisha huvutwa mdomoni. Anemoni hana macho. Hutambua chakula kwa kugusa na kuonja. Mabaki huyatema kwa mdomo uleule, maana tundu lingine hana.

Anemoni wengi wa bahari zetu za joto wana jiko la pili. Mwilini mwao huishi mimea midogo mno, inayotengeneza sukari kwa nguvu za jua na kumgawia mwenye nyumba. Mto unapoteremsha udongo wa mashamba na maji machafu, bahari huwa tope, mwanga haufiki chini, na jiko hilo hupoa. Bahari ikizidi joto, mimea hutoka, na mnyama hubaki mweupe. Hapo hutegemea mdomo tu. Na mdomoni kunaingia nini?

Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Carnegie, huko California, Marekani, walitangaza jaribio lao. Waliwapa anemoni nyuzi ndogo za nailoni, poliesta na polipropilini (hii ya mwisho ndiyo ya magunia na kamba za plastiki). Nyuzi zilipotolewa peke yake, karibu robo ya wale wenye mimea mwilini walimeza nailoni. Zile nyingine hawakuzimeza. Zilipochanganywa na kamba wadogo, karibu wanane katika kila kumi walimeza aina zote tatu. Walizitema baadaye, weupe wakichelewa kuliko wenye mimea mwilini. Tusitie chumvi, hatusemi kuwa nyuzi ziliwaua. Lakini wale wenye njaa zaidi ndio waliokaa nazo tumboni muda mrefu zaidi.

Nyuzi hizi hutoka katika nguo kila zinapofuliwa, na katika maji ya viwanda vya nguo yanayomwagwa bila kuchujwa. Dar es Salaam, mto Msimbazi hupita kati ya viwanda na makazi kabla ya kuingia baharini. Sisi wa mashine twazijua kwa njia ya pua. Katika miaka ya 1990, madaktari wa jimbo la Rhode Island, Marekani, waligundua ugonjwa wa mapafu kwa wafanyakazi wa kiwanda kilichokata nailoni vipande vifupifupi. Basi chujio la maji na kinga ya vumbi yafaa yadaiwe katika kikao kimoja.

Ndugu wa katani nao wamo. Sehemu ndogo tu ya jani, karibu tano katika mia, ndiyo huwa uzi. Masalia yakimwagwa mtoni huoza na kumaliza hewa ya majini, na viumbe wadogo wanaoliwa hufa. Huko Hale, mkoani Tanga, masalia hayo yamekwisha kutumika kutengeneza gesi na umeme.

Kwa vikundi vya masomo: maji ya kiwanda chenu hutokea upande gani, na huishia mto gani? Nani aliyapima mara ya mwisho, na je, kamati yenu ilionyeshwa majibu?