Utepe wa Redio na Santuri: Matini Mbili za Wimbo wa Dansi kwa Msikilizaji wa Bariadi

Makala haya yanachunguza suala ambalo wahakiki wa muziki wa dansi hulipita haraka: wimbo mmoja unapokuwa na rekodi ya redio na rekodi ya albamu, ni ipi inayostahili kuitwa matini ya msingi? Aghalabu huteuliwa albamu, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Kwa msikilizaji wa Bariadi, mji uliokuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012 na ambao sasa ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uteuzi huo una walakini. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi za Dar es Salaam zilimfikia hasa kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD).

Santuri nyingi za bendi hizo zilitengenezwa Nairobi. Upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45 ulibeba dakika chache tu, hivyo wimbo mrefu ulikatwa: masimulizi upande wa kwanza, chemko upande wa pili. RTD, kwa upande wake, iliiweka bendi nzima studioni ikapiga kwa pamoja, na utepe ukazunguka hadi mwisho. Humo mwimbaji humwachia mpiga gitaa bila kimya chochote kati yao. Mhakiki anayedai, kwa ushahidi wa santuri, kwamba utunzi wa dansi una sehemu mbili zilizotengana anaeleza ukubwa wa santuri zaidi ya ufundi wa mtunzi.

Mfano mzuri ni Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila. *Nalilia Mwana*, iliyotolewa Uingereza mwaka 1988, ilikusanya rekodi zilizofanywa Tanzania. *Songs for the Poor Man* ya mwaka 1989 ilirekodiwa katika studio za Real World, Uingereza. Ya pili ni safi zaidi, na kila ala husikika mahali pake. Lakini usafi huo una walengwa wake. Kufikia *Mambo* (1992), baadhi ya nyimbo ziliimbwa kwa Kiingereza, na si rahisi kudai kwamba msemwa bado alikuwa mkulima wa pamba wa Usukumani.

Msikilizaji huyo, isitoshe, ana kipimo chake. Katika mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu, ningi, yaani mtunzi na mwimbaji wa Kisukuma, hutunga akimlenga mpinzani aliye mbele yake. Wimbo ni kauli ya siku fulani kwa mtu fulani. Rekodi ya redio, iliyopigwa kwa mkupuo mmoja kwa ajili ya wasikilizaji wa nchini, ina undugu na desturi hiyo kuliko albamu iliyojengwa ala baada ya ala.

Hata hivyo, haifai kuutukuza utepe wa redio kupita kiasi. Maneno ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa, na "Mambo kwa Soksi", wimbo wa Ongala kuhusu UKIMWI na kondomu, RTD ilikataa kuurusha. Mtafiti atakayetegemea hifadhi ya redio pekee hataukuta humo wimbo ambao Watanzania wengi waliujua.